Majani ya Kondoo wa Harusi

Margilan, 9 Machi

Kwako Kaka Hamdam,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Kazan imeanza kukuhurumia. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana, na anauliza kama unapika pilau au unajidanganya kwa viazi tu. Baba naye mzima, ila goti lake limekuwa korofi kama mwenyewe.

Mimi niko mwaka wa pili chuoni. Cheka tu: Sanobar aliyekuwa akisinzia darasani sasa anasoma habari za mimea. Ni somo moja lililonishikisha kalamu, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Vuli iliyopita mwalimu wetu, Bi Oydin, alitupeleka kwenye miforsadi ya chuo. Akatuambia majani hayageuki njano bure. Mti ukihisi baridi inakuja, huichukua ile nitrojeni iliyopandishwa majanini na mizizi, ukaigeuza asidi amino na kuishusha polepole hadi kwenye gome na mizizi. Huko huiweka akiba wakati wote wa theluji. Machi ikifika, udongo ukiwa bado baridi, akiba ile hupanda na utomvu kulisha machipukizi. Majani ya kwanza wanayokula viwavi wetu wa hariri hutoka humo, si kwenye mbolea ya mwaka huo. Nikamuuliza itakuwaje majani yakipukutishwa mabichi. Akasema mti utaamka na njaa, hata uufukie kwa mbolea.

Kaka, palepale nikaikumbuka miti yetu.

Unakumbuka mwaka ule majani yalipotoka membamba, viwavi wakafa kwenye chanja, na Baba akakuita mwongo mbele ya majirani kwa kuwa uliapa kwamba mbolea umeitia? Uliitia. Aliyeinyima miti chakula ni mimi. Vuli iliyotangulia, wewe na Baba mkiwa kwenye mavuno ya pamba, nilikuwa nikinenepesha kondoo wa harusi yako, nikitaka apite kondoo wote wa mtaa. Sikungoja majani yaanguke kama wenzangu wanavyongoja. Niliipukutisha miti yote kumi na sita ikiwa ya kijani, nikamlisha. Mliporudi mkadhani jalidi, ile baridi ya kugandisha, imewahi kuyaangusha majani, nami sikusema neno. Kisha wakwe wakavunja uchumba kwa lile neno la Baba, ukaondoka, na kondoo tukamla bila harusi.

Kosa lenyewe sikulijua, lakini tangu vuli nalijua, na nimenyamaza miezi mitano kwa woga. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Juzi nilimweleza Baba yote. Hakunigombeza. Aliweka bakuli lake la chai chini, akachechemea hadi kwenye mforsadi wa langoni. Kila Mei tunakata matawi ya miti kumi na mitano kulishia viwavi, lakini huo hajaruhusu uguswe tangu uondoke, na majirani humtania kwamba amefuga msitu. Akasema bila kunitazama:

“Huu ni wa Hamdam kuukata. Mwandikie shoka lake nimelinoa kila mwaka. Na mwambie mwongo nilikuwa mimi.”

Mayai ya viwavi yataletwa mwezi ujao. Nisamehe, Kaka, au njoo unigombeze ana kwa ana. Nitafurahi kwa vyovyote. Mama amekuwekea zabibu kavu, na kila siku anazipunguza mwenyewe, basi fanya haraka.

Mdogo wako akupendaye,
Sanobar