Motari Salumu Hayuko Duniani

Mudogo wangu wa tumbo moja,

Hapa Kasongo tuko wazima, na hasira yangu pia ni nzima. Nikikupigia, simu inaita mpaka inachoka. Nikikuandikia, unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Basi nimeshika kalamu, mimi dada yako mkubwa. Nakala moja inakuja kwako Bukavu. Ya pili nimeibandika ukutani pa parkingi, pale motari wanapongoja abiria juu ya pikipiki zao, wajue wenyewe tarehe imekwama kwa nani.

Tarehe ya kwanza niliitangaza nje ya muskiti, baada ya sala ya Ijumaa: programu yetu ya kuonyesha motari gani anaondoka, saa ngapi, kwenda wapi, itatoka Ramadhani ikiisha. Ukasema, "Yaya, bado kidogo." Nikatangaza ya pili, shule zikifunguliwa. Ukasema unaongeza ramani. Ya tatu, mvua zikikatika. Ukasema unabadilisha rangi. Juzi mkubwa wa motari kanikuta dukani, kaniambia mbele ya watu: "Mama Asha, tarehe yako iko na matoleo mingi kupita aplikasiyo." Wakacheka. Nikacheka nao. Mutu aliyetoa neno lake mara tatu atafanya nini tena?

Wewe unasema iko tayari asilimia tisini na tano. Miezi mitatu iliyopita ulisema tisini na tano. Miezi mitatu kabla ya hapo, tisini. Mimi shule niliiachia darasa la sita, lakini pikipiki zangu tatu nilizipata kwa kuuza mawese, na hesabu hii naijua: umetembea tano, kisha sifuri. Kwa mwendo huo hatufiki.

Na uzito je? Toleo la nne, ulilolileta mwenyewe kwa kadi ya memori ulipokuja Idi, lilikuwa mega kumi na tisa. La saba ni arobaini na nane. Nimelivuta mara tano kwa mtandao wa hapa. Mbali kabisa lilifika mega kumi na mbili, likakatika. Hata likifika, simu ishirini na tatu za motari hazina nafasi yake, zimejaa nyimbo. Kwako toleo jipya ni kubofya. Kwangu ni simu sitini na mbili, moja moja, kutoka hapa mpaka Salamabila, siku nne za matope.

Sasa sikia habari za Motari Salumu. Unamjua, wewe ndiye uliyemzaa. Ulipotaka kujaribu toleo la nne ulibuni motari, ukampa kofia nyekundu, ukaandika kwamba anaondoka Wamaza kila siku saa kumi na mbili asubuhi, na namba ya simu ukaweka yangu. Nililitia kwenye simu nne tu za majaribio. Tukasahau watu wetu: kitu kizuri hakikai kwenye simu nne. Motari mmoja akampa shemeji yake, shemeji akampa mchimbaji, na kwa siku sita Salumu alikuwa amefika migodini Salamabila, yumo kwenye simu zote sitini na mbili za motari wetu. Tangu hapo napigiwa mimi.

"Mama, Motari Salumu iko wapi? Niko hapa Wamaza toka jana na mikungu mbili ya ndizi."

"Haiko, mama."

"Haiko mu njia, ao haiko mu dunia?"

"Mu dunia."

Kisha akasema polepole, "Basi mungesema. Ningetembea."

Nikaketi chini. Neno hilo nalijua. Nililisikia kwako kwanza.

Ulikuwa na miaka minane, mimi kumi na mitatu. Mama alitutuma njia panda ya Wamaza na bidoni tatu, madumu ya mawese, mimi mbili, wewe moja. Mutu wa baiskeli alikuwa amesema atapita kesho asubuhi atubebee mpaka Kasongo. Mama akatufungia mihogo ya siku moja. Tulikaa siku tatu. Ulikuwa unachora mistari chini kwa kijiti, baiskeli moja mustari moja: kumi na saba, na yake haimo. Siku ya pili tulikula mapera mabichi, tumbo likakuuma, nikakuimbia mpaka sauti ikanikauka. Siku ya tatu ukaniambia, wala hukulia: "Yaya, kama tungejua haji, tungetembea." Tukatembea. Bidoni yako hukuniachia hata mara moja. Njiani ukaapa kwamba ukikua utatengeneza kitu, mutu asingoje asiyekuja.

Na ulikitengeneza. Idi uliponionyesha, nikainama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Machozi yalinitoka. Sikukuambia. Sasa umejua, na parkingi nzima imejua.

Lakini angalia vizuri: mutu wa baiskeli siku hizi ni wewe. Wala hakuwa mutu mbaya, yule. Pengine naye alikuwa anaipaka baiskeli yake rangi.

Ijumaa ya pili kutoka leo motari wanakutana. Wameshasema: kama Salumu bado yumo, kila mmoja anaifuta programu, na nisiwaletee tena habari za simu. Kumtoa peke yangu siwezi. Simu hazikubali toleo jipya juu ya la zamani bila sahihi yako, na sahihi iko ndani ya kompyuta yako tu. Sitaki ramani. Sitaki rangi. Chukua toleo la nne, mutoe Salumu, tia sahihi, weka kwenye kadi, umpe motari anayepitia Salamabila. Jumatatu, kabla ya mkutano, nitakuwa njia panda ya Wamaza toka alfajiri, nianzie palepale simu ya kwanza. Ramani itakuja baadaye. Mutu aliyekwisha kufika kwake anaweza kungoja ramani.

Na kama haiji, niandikie neno moja: haiji. Sitakulaani. Nitatafuta fundi mwingine, nifute programu kwenye simu zote sitini na mbili, nianze upya. Kutembea najua.

Jumatatu hiyo nitafunga mihogo. Ya siku moja.

Mimi yaya yako, wa bidoni mbili