Zamu ya Kaka Kukanyaga Pedali

Baba yangu uliyelala Mzenga,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na siandiki kuomba ruhusa.

Unazikumbuka Jumapili zetu uani pale Kongowe, tukitoa upepo kwenye breki za pikapu yako ya kijani? Wewe na kaka Hamisi chini, kwenye magurudumu. Mimi juu, kwenye pedali. "Kanyaga! Shikilia! Usiachie mpaka nikwambie!" Nilipoomba spana ulicheka: "Mikono ikinuka oili, nani atakuoa?" Magurudumu manne, mafundi wawili, na mimi mguu tu.

Lakini mguu ule ulikuwa unasoma, Baba. Kabla hujaona povu kwenye chupa ya kukingia oili, mimi nilishajua upepo bado upo, maana pedali ilibonyea kama sponji. Nikisema "bado," unanuna, halafu unarudia. Asante sikuisikia. Ufundi wenyewe nikaenda kuutafuta kwenye gereji za watu, nikianzia kuosha spea kwa dizeli.

Mwezi uliopita pedali ya pikapu yako ilizama mpaka chini. Kaka akabadilisha raba za silinda za magurudumu ya nyuma, akatoa upepo siku nzima, ikazama vilevile. Akasema gari limekufa, Jumamosi anawapa watu wa chuma chakavu. Nikafika Ijumaa, nikafungua boneti: kikopo cha oili ya breki kikavu! Huku anatoa upepo, huku anaingiza mwingine.

Nikakijaza, nikalala chini na spana yangu.

"Panda, kaka. Kanyaga."

"Mimi? Si kazi ya mtoto hiyo?"

"Hata mimi nilikuwa mtoto. Kanyaga, shikilia, na usiachie mpaka nikwambie."

Tulianza na gurudumu la mbali kabisa na kikopo, kama ulivyokuwa ukifanya. Mapovu yakatoka, yakapungua, yakaisha.

"Ikoje?"

"Sijui... ngumu?"

Nikapanda kuhakikisha kwa mguu wangu. Ngumu kama jiwe.

Leo Jumamosi watu wa chuma wamekuta ua mtupu. Mimi nilikuwa njiani kuja kwako. Kwenye mteremko huku Kisarawe ng'ombe walikuwa wanakatiza barabara. Nikakanyaga mara moja, gari likasimama. Mchungaji hata hakugeuka.

Nimeliegesha hapa karibu na kaburi lako, na mikono inanuka oili. Nimeolewa, kwa taarifa yako. Na gari haliuzwi.

Pumzika, Baba. Kwenye pedali nimeshamweka mtu.

Binti yako,
fundi wa pikapu ya kijani