Fundi Umeme wa Timu ya Kapata

Mwene-Ditu, Jumapili baada ya misa

Kwa yaya yangu, dada yangu mkubwa Ngalula,

Pokea salamu za mdogo wako Tshibangu. Hapa tuko wazima, ila mke wangu bado anakohoa tangu zile wiki tulizolala stesheni. Mgongo wako unaendeleaje? Na nyumba yetu ya Kapata, nani anakaa humo sasa?

Nimekaa kimya muda mrefu, na unajua sababu. Siku treni ilipotuondoa huko, sisi tuliofukuzwa kwa asili yetu ya Kasai, mume wako Kasongo, mwenyeji ambaye kwa ajili yake wewe uliachwa ubaki, hakuja kuniaga. Wachezaji saba wa timu yetu tulibanana katika behewa moja, na njia nzima nilimsema vibaya shemeji yangu.

Sasa sikia yaliyonipata. Unakumbuka timu yetu ilivyokuwa tangu enzi za baba: kampuni ya migodi haikumlipa mtu kwa ajili ya mpira, ilimwandika kazi nyingine. Baba aliletwa kutoka huku Kasai kwa sababu ya mguu wake wa kushoto. Wakamwandika seremala, na hadi anastaafu hakutengeneza hata kigoda. Mimi wakaniandika fundi umeme. Asubuhi nilitia sahihi karakana, saa nne niko uwanjani. Kasongo, kapita aliyetusimamia kazini, alikuwa akiniambia, "We enda ucheze tu. Iyi kazi mi njo ntafanya." Jumapili watu walinipigia makofi mimi.

Basi, kile cheti cha kazi ulichonipa stesheni, ukasema kimetoka ofisini, masista wa huku walikisoma wakafurahi. Wakanipa kazi katika hospitali yao ya wazazi. Nilikubali, watoto walikuwa hawajala. Miezi mitatu nimebadilisha balbu na kufuta vumbi kwenye jenereta, nikionekana mtu wa maana. Lakini wiki iliyopita sista mkubwa aliniambia nivute nyaya mpya za chumba cha upasuaji. Niliogopa, yaya. Nikikosea, mama wa watu anaweza kufa pale mezani, taa imezimika. Nikamwambia ukweli wote, kwamba kazi yangu ilikuwa kiungo wa kati.

Hakunifukuza. Alicheka kwanza, kisha akanipa mwezi mmoja nijifunze, akauliza kule kazi yangu alikuwa anaifanya nani. Nikamtaja Kasongo. Akanirudishia cheti, akaniuliza kama ni huyu aliyetia sahihi. Mimi sikuwahi kukisoma, nilijua ni uongo wa kawaida wa kampuni.

Mwandiko wote ni wa Kasongo. Kuvuta nyaya, kusuka upya nyaya za mota, kufungua jenereta: kazi alizozifanya yeye miaka kumi na minane, ameziandika kwa jina langu. Kumbe siku ile ambayo hakuja kuniaga alikuwa karakana akiniandikia. Nimeona haya, yaya, mpaka leo naona haya.

Mwombe anichoree namna ya kuvuta nyaya za chumba kile, hatua kwa hatua, kama anamfundisha mtu asiyejua kitu, maana ndivyo nilivyo. Karatasi ampe yule mama anayekuja huku na treni kuuza samaki wakavu.

Nisalimie mama mkwe wako aliyetufulia jezi, kipa wetu mzee anayeuza makaa sokoni, na katekista jirani yenu.

Lakini kabla hujamsomea Kasongo habari ya nyaya, mwambie asante. Nimecheza miaka yote ile, sikumwambia hata siku moja.

Ni mimi mdogo wako,
Tshibangu, anayeanza kazi aliyoandikwa