Viatu Chini ya Ngazi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Moshi. Tarehe 16/11/2023, kuanzia saa 3:10 asubuhi.
Jina: Redempta Martin Shirima. Umri: miaka 47. Kabila: Mchagga. Dini: Mkristo. Kazi: mchambuzi wa kahawa kiwandani. Makazi: Majengo, chumba cha kupanga.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Afande amenionya kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Uongo nimeshausema jana, ndiyo maana niko hapa.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili katika kiwanda cha kukoboa kahawa. Aliyeumia, Evaristo Mtui wa Mwika, husafisha mashine. Primus Temu, mliyemweka ndani, ndiye anayeziwasha. Evaristo ni rafiki yangu. Si bwana wangu, nasema mapema kwa sababu najua mtauliza. Kila Jumatatu huniletea ndizi za kupikia supu ya mtori kutoka nyumbani kwake, na mkewe Theopista ndiye anayezifunga.

Kuna pipa kubwa la chuma la kuchanganyia kahawa, lenye mapanga yanayozunguka ndani. Anayeingia kulisafisha huvua viatu na kuviacha chini ya ngazi. Viatu vikiwepo, swichi haiguswi. Kufuli ya swichi iliharibika mwaka juzi na meneja anajua, kwa hiyo tulibaki na viatu. Hakuna mahali palipoandikwa. Mtu mpya huambiwa siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo.

Mwezi Septemba Primus alimsemea Evaristo kwa meneja kwamba anaingia kazini amelewa mbege. Ilikuwa kweli. Evaristo alisimamishwa wiki mbili, na tangu hapo hawasalimiani. Sote tulimwita Primus mchongezi, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Mnamo tarehe 14/11/2023, siku ya Jumanne, Evaristo alikuja na viatu vyeusi vipya. Jioni alikuwa anapeleka posa ya kijana wake Machame. Saa 8:25 mchana alivivua akaingia kwenye pipa. Mvua ilikuwa kubwa na bati linavuja pale pale kwenye ngazi. Saa 8:35 nilipita na ungo wangu, nikaona maji yameanza kudondoka karibu na vile viatu. Nikamhurumia. Nikavichukua, nikaviweka chini ya meza yangu ya kuchambulia, hatua kama kumi na mbili. Sikumwambia mtu; niliwaza mvua tu, swichi sikuikumbuka. Nilitenda wema nikaenda zangu, kama tunavyofundishwa.

Saa 8:40 nilimwona Primus kwenye dirisha la chumba cha swichi. Alisimama, akaangalia chini ya ngazi. Akaangalia tena. Kisha akaketi, na mapanga yakaanza. Nilipiga kelele, ila mle ndani mtu hasikii hata jina lake. Nikakimbilia dirishani nikipunga mikono yote miwili, naye akazima mara moja. Tulikuwa tumeshachelewa, yeye na mimi.

Meneja alipotukusanya, Primus alisema, "Niliangalia viatu. Havikuwepo." Hakuna aliyemwamini, maana kila mtu alijua ugomvi wao. Alituangalia mmoja mmoja. Aliponifikia mimi nikainamisha uso kwenye ungo. Kabla ya kutoka, nilivitia viatu kwenye mfuko nikaenda navyo nyumbani.

Jana tarehe 15/11/2023, saa 6:00 mchana, nilikwenda hospitali na chupa ya uji. Evaristo amekatwa mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Theopista alinishukuru kwa uji, nikatamani aninyang'anye ile chupa. Evaristo akaniuliza, "Mama Flavia, si niliviacha pale pale? Wewe hukuviona?"

Nikamjibu, "Nilikuwa mezani, sikuona kitu."

Akasema, "Basi Primus kafanya makusudi." Baadaye nikasikia ndivyo alivyowaeleza polisi.

Naogopa, afande. Naogopa kazi, naogopa kufungwa, lakini zaidi naogopa uso wa Theopista. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata asubuhi ya leo.

Swali: Kuna mtu alikuona ukiviondoa viatu?

Jibu: Hakuna. Ningenyamaza, lingeisha hivyo hivyo.

Swali: Kwa nini basi umekuja?

Jibu: Primus hajamsalimia Evaristo tangu Septemba. Lakini kila akitaka kuwasha, huinuka kwenye kiti na kuangalia kama viatu vya Evaristo vipo. Hajawahi kuacha hata siku moja, nimemwona. Mimi ndiye ninayekula ndizi za Evaristo, na mimi ndiye niliyeviondoa.

Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema, nimeyasema bila kulazimishwa, na nimesomewa nikakubali kuwa ni yangu.

Sahihi: R. M. Shirima

Maelezo haya yameandikwa na mimi, Sajenti Wenseslaus, na kumalizika saa 4:25 asubuhi. Shahidi amekabidhi pea moja ya viatu vya kiume, vyeusi, vipya, namba 42, ndani ya mfuko. Vimekaguliwa mbele yake na kupokelewa kama kielelezo. Ni vikavu.