Waliosikiliza Dansi Dirishani

Shangazi Zuhura, shikamoo. Nakuandikia nikiwa Lindi kwenu. Joto limeninyong'onyeza, ila mihogo ya nazi inanirudishia nguvu.

Unajua nimekuja kutafiti kumbi za dansi na baa za zamani. Tangu nifike nimewahoji wazee waliocheza humo ndani, nao wananisimulia suruali zao na bia tu. Leo nimekwenda kuutazama ukumbi wenyewe, ambao sasa ni ghala la korosho. Nje, chini ya dirisha, kuna mahali ukuta umesuguka ukang'aa. Nikamuuliza jirani wa hapo, Bi Somoe, aliyekuwa barazani kwake anasuka ukili wa mkeka.

"Ni migongo yetu hiyo," akasema. "Sisi wa nyumba za dini tulikatazwa kuingia. Basi tunakuja na ukili wetu, tunakaa hapo tunasuka na kusikiliza. Mama akiuliza tulikuwa wapi, tunamwonyesha ukili ulivyorefuka."

Akaniimbia wimbo mmoja wa enzi hizo, vidole vikiendelea kusuka. Shangazi, wimbo ule naujua. Ndio unaouimba wewe ukisuka mikeka, wewe unayeapa hujawahi kukanyaga dansini.

Nilikaa pale kidogo, nikaegemea ule ukuta. Nitakuletea huko Morogoro miyaa ya huku ya kusukia, na sitakuuliza tena kama uliwahi kuingia. Nitakuuliza tu ulikuwa unakaa upande gani chini ya dirisha.

Mungu akupe afya, na magoti yapoe.

Mwanao,
Rehema