Siku Niliyoigomea Chai ya Wauza Magari

Guangzhou, Jumatano, kumi la mwisho la Ramadhani, 1999

Manyunyu tangu alfajiri. Baridi ya huku haina theluji wala makuu, inakupenya kimyakimya mpaka mifupani, na nyumba zenyewe hazina cha kukutia joto. Nimefuturu, nimevaa sweta mbili, na bado nina hasira.

Shajara, nikueleze habari za gari.

Gari letu, mimi na mshirika wangu Shabani, halijafikisha miezi mitano. Tulilinunua jipya, kwa jina la dereva wetu Liang, kwa sababu tuliambiwa magurudumu yote manne yanavuta. Mafundi wanaotushonea jeans kule Xintang wako vichochoroni, na lori haliingii humo. Gari hili ndilo linalotoa marobota mpaka barabarani. Siku za joto halikutukwamisha. Manyunyu yalipogeuza vichochoro kuwa matope, tukaujua ukweli: ya mbele yanahangaika, ya nyuma yametulia kama wageni waalikwa.

Jana lilinasa mbele ya karakana. Wasichana wa cherehani wakatoka kutusukuma huku wakicheka, nami nikacheka nao. Moyoni nilikuwa nalia. Kontena linafungwa Jumamosi, na baada ya hapo karakana zinafunga kwa mwaka mpya wa Kichina. Magari ya kukodi yamekwisha, kila mtu anahamisha mzigo wake. Wangu usipotoka, duka langu la Kariakoo litaingia Idi Kubwa likiwa tupu.

Basi leo nikaenda na Liang kwa wauzaji, kitabu cha waranti mkononi.

Meneja, kijana mwenye tai nyekundu, akachungulia nyuma, mahali tulipong'oa viti. Akaokota uzi wa buluu sakafuni, akauinua kama aliyekamata mwizi.

"Hili ni gari la familia, ninyi mnabebea mizigo. Waranti imekufa. Mei banfa."

Hakuna la kufanya, ndiyo maana yake. Neno hilo nalisikia kila siku madukani Guangyuan Xilu, limeshanizoea.

Nakiri, tunalipakia. Viti tuling'oa wenyewe. Lakini lilianza kugongagonga huko nyuma wiki ya kwanza, kabla halijabeba hata robota moja. Nikalileta, na fundi wao akaandika kitabuni kwamba ni jipya, litazoea, akapiga na muhuri. Nikamfungulia meneja ukurasa ule. Akausoma, akanimiminia chai.

Sikuigusa. Nimefunga, ningeigusaje?

Yeye hakujua. Huku ukimiminiwa chai unakunywa, maneno yanalainika, kisha unarudi kwako mikono mitupu. Chai ilipopoa akaimwaga, akamimina nyingine. Mara nne. Mume na mke waliokuja kutazama gari jeupe wakaanza kututazama sisi, na meneja akaanza kutoka jasho katika baridi ile. Mwishowe akauliza kwa upole, "Laoban," yaani bosi, "hata chai yetu huitaki?"

Ningeweza kumwambia nimefunga. Sikumwambia. Nikajibu, "Tengeneza gari langu kwanza."

Liang akatazama viatu vyake. Nikaomba simu yao nikampigia Shabani, naye akaniambia, "Dada, mwenye nguvu mpishe. Tutatafuta njia nyingine." Njia ipi? Nikakata simu, nikarudi kukaa.

Magharibi ikaniingilia palepale. Hapa husikii adhana, unategemea saa ya mkononi. Mbele yangu kikombe cha tano, kinafuka moshi, na sasa ni halali yangu. Koo limekauka, vidole vimekufa ganzi. Nilikitaka kile kikombe kuliko kitu chochote duniani.

Nikatoa mkobani tende na chupa yangu ya maji. Nikala, nikanywa maji baridi mbele ya chai yake ya moto.

Meneja akaniona. Akainuka, akamwita fundi mkuu wao. Wakasemezana. Kesho saa tatu asubuhi wataifungua difu ya nyuma, ile inayozungusha magurudumu, kwa waranti. Nikamwambia aandike. Akaandika. Nikamwambia apige muhuri. Akapiga.

Sikusema uongo, ila nilimwacha aamini lisilokuwepo, tena nikiwa na saumu. Hilo linanikera zaidi ya baridi. Je, thawabu za leo zimepungua? Pengine.

Ila kurudi nyuma sirudi. Kesho saa tatu nitakuwa mlangoni kwao, na wakileta hadithi nitakaa tena mpaka jua lizame. Toba nitaomba kwa Mungu. Waranti siombi, nadai.