Mke Wangu Anaongea kwa Kunong'ona, Nimrudishe Kwao?

Mama Agustina, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Nyangoto, naomba msaada wako kabla sijamrudisha mke wangu kwao Mbalibali, maana nimechoka kudharauliwa ndani ya nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu.

Nina miaka thelathini na nane, kazi yangu ni karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, naisimamia mwaka wa kumi na moja sasa, na sijisifu lakini wenye mawe wananijua, kwa sababu mimi nikisikiliza tu mlio wa vyuma mle ndani najua mawe yameshakuwa unga au bado, ndiyo maana vile vifuniko vya masikio tulivyoletewa nilivitundika msumarini, fundi gani anaziba sikio analofanyia kazi? Sasa ni kama miaka miwili mke wangu Winfrida ameanza tabia ya kuongea kwa kunong'ona, namuuliza anasema nini anarudia vilevile, na binti yetu Happy wa miaka tisa kamuiga mama yake, wanaongea wawili wanacheka, nikiingia mimi nasikia mnong'ono tu, redio nayo nikifungulia wanaipunguza, eti nawapigia kelele, halafu mama huyo siku hizi hawezi kuniambia jambo mpaka anishike bega kwanza kama mtoto, wakati wanaume wenzangu kazini nawasikia vizuri kabisa, kwa hiyo usiniambie tatizo ni mimi. Jioni nikipumzika masikio yanalia kama kuna nyenje ndani, lakini huo ni uchovu wa kawaida, watu wa karasha wote tunao.

Wiki iliyopita nilikaa nje nimeupa uwanja mgongo, ng'ombe wa jirani akala udaga wote, muhogo wetu wa ugali tuliokuwa tumeuanika, mara Happy akaja akanipigia ukelele sikioni, "Baba!", nikamnasa kibao. Winfrida akalia, akasema, "Baba Happy, mtoto amekuita mara nne." Uongo mtupu! Baba mdogo Nikodemo ameniambia, "Mura, kijana wangu, mwanamke akikudharau mbele ya watoto, mrudishe tu," na wazee watakaa Jumapili ya mwisho wa mwezi baada ya ibada. Nimekosea wapi mimi?

Ezra, Nyangoto

Marahaba, Ezra. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama kwa hasira.

Mkeo hanong'oni. Wewe husikii. Miaka kumi na moja umesimama kando ya mashine ambayo mtu aliye hatua moja kutoka kwako lazima apige kelele ndipo umsikie, na hicho ni kipimo ambacho hata Happy angekifahamu: ukilazimika kupaza sauti kwa mtu unayeweza kumgusa, kelele hiyo inakuharibu. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikishakufa havioti tena, na vinavyotangulia kufa ni vya sauti nyembamba. Sauti nyembamba ni za nani, Ezra? Za wanawake na watoto! Wanaume wenzako unawasikia kwa sababu sauti zao ni nene, na wa karashani wote wanapayuka kwa kuwa nao wanaelekea hukohuko uliko wewe. Hizo nyenje za jioni si uchovu. Ni sikio linaumia, na ninyi mmelizoea.

Winfrida amelijua hili kabla yako. Anakushika bega ili umgeukie, uuone mdomo wake. Miaka miwili amekustiri, hajakutangaza kisimani wala kanisani, na shukrani yake ni kikao cha wazee! Huyo baba mdogo amewahi kumuuliza hata neno moja?

Na mtoto je? Kaita mara nne, kakimbia kuokoa chakula chenu, ukamnasa kibao. Kibao cha karibu na sikio kinaweza kupasua ngoma ya sikio. Unataka muwe wawili?

Nakuonea huruma pia, maana kazi umeipenda na hakuna aliyekukalisha chini akakueleza. Siku hiyo ni leo. Vifuniko vitoe msumarini, uvivae tangu mashine inapowashwa mpaka inapozimwa. Ukitaka kujua kama mawe yamekuwa unga, izime, chota kidogo, usugue kwa vidole. Pamba haitoshi, na asitokee mtu akakutia mafuta wala maji ya kitunguu. Saa ya kula ondoka pale, nenda mbali. Redio aiweke Happy, si wewe. Wiki hii nenda hospitali ya wilaya, uulize siku ya daktari wa masikio, na mtoto naye apimwe. Pengine ni nta imeziba, pengine ni zaidi ya hapo. Kilichokufa hakirudi, lakini kilichobaki kinalindwa, na vipo vifaa vya kumsaidia mtu kusikia.

Kikao cha wazee kivunje, na sababu uitaje kwa mdomo wako mbele ya Nikodemo.

Ila hata kabla ya hospitali, leo hii, kaa penye mwanga, uwatazame mkeo na mwanao usoni, uwaombe radhi. Watakujibu, na mengine hutayapata. Usikunje uso. Sema, "Rudia mwanangu, baba hasikii vizuri."